Herufi Moja ya Mama Chungu

Kruuu-mmm. Kuna baa jirani na kibanda changu hapa Mazwi, Sumbawanga mjini, na kila asubuhi mhudumu wake anavuta meza za mbao juu ya sakafu ya saruji. Meza nyingine zinapiga kelele za kawaida tu, lakini ipo moja, yenye mguu uliopasuka, inayotoa mlio mzito unaoanzia tumboni mwa meza na kuishia kwenye meno ya msikilizaji. Ikivutwa hiyo naacha ninachofanya. Kwa sekunde mbili hivi sipo Mazwi, nipo Izia, uwanjani kwa bibi, nina miaka kumi na miwili, miguu imepauka kwa baridi, na Mama Chungu anasugua kigoda chake.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, na sisi tulikicheka vizuri. Chungu kikubwa cha kupikia pombe ya ulezi kimekalishwa kwenye kata ya nyasi kisiyumbe. Juu ya mdomo wa chungu, ubao uliolowanishwa maji. Juu ya ubao, kigoda kimepinduliwa kichwa chini. Mama Chungu alipiga magoti, akakishika kigoda kwa mikono miwili kama mtu anayesaga kwenye jiwe, akakisukuma mbele, akakivuta nyuma. Chungu kikaguna. Wanawake wa zamani wa Ufipa walifanya hivyo kwenye ngoma zao, wakiwa wengi. Yeye alikuwa amebaki peke yake, na badala ya kurudia nyimbo za ngoma alitunga zake.

Alitunga juu ya chochote. Alitunga juu ya pikipiki ya padre iliyozama kwenye tope mpaka padre akasahau kidogo kwamba yeye ni padre. Alitunga juu ya upepo wa mwezi wa saba unaoingia nyumbani bila hodi na kulala kitandani katikati ya mke na mume. Kuna wimbo wa mbuzi wa jirani aliyekula kanga ya watu akabakiza maandishi tu. Sauti yake haikuwa laini. Ilikuwa na mchanga ndani yake, kama uji wa ulezi uliosagwa kwenye jiwe, ambao unaunywa na kuutafuna kwa wakati mmoja. Ila ukishauzoea uji huo, ule wa mashine unakuwa kama maji ya kuoshea sufuria.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Gaudensia. Mama Chungu tulimpa sisi, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumwitia, na sisi watu wa Izia hatuwezi kumwacha mwanamke akae hivihivi bila kuwa mama wa kitu.

Hodari wa kumsema walikuwa wanakwaya. Hao walikuwa na sare za kitenge, kinanda cha umeme chenye vitufe viwili visivyolia, na nyimbo nne walizonakili redioni. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye mabega mapana aliyekuwa akiimba huku amefumba macho kama anayemeza dawa chungu, alisema mbele ya watu baada ya misa, "Yule haimbi. Yule anahamisha fanicha." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Nilikuwa mdogo, lakini dharau ni kitu ambacho mtoto anajifunza haraka kuliko kufunga kamba za viatu.

Na sasa niwaambie nilivyokuwa mimi, maana bila hilo hamtaelewa.

Naitwa Restituta. Nyumbani niliitwa Lestituta, au Lesi. Midomo ya wazee wetu, iliyozoea Kifipa, haikuwa na nafasi ya herufi R. Barabara ilikuwa balabala, karatasi ilikuwa kalatasi, na habari za asubuhi zilikuwa habali. Hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini shuleni kulikuwa na mwalimu wa Kiswahili tuliyemwita Mwalimu Ngeli. Alizaliwa Kaoze kama watu wengine wanavyozaliwa Kaoze, ila aliwahi kukaa pwani miezi michache kwa mafunzo, akarudi anaongea kama aliyelelewa ndani ya kamusi. Akinunua nyanya gengeni alisema "Tafadhali mama, nipatie hizo zilizoiva barabara," na muuza nyanya akawa anatazama balabalani kuona ni nyanya gani zimeivia huko.

Mwalimu Ngeli alikuwa na fimbo, na fimbo hiyo ilikuwa na kazi moja, kutafuta R. Ukisema "balabala", unanyoosha mkono. Mimi niliogopa fimbo kuliko jehanamu, kwa hiyo nilijificha nyuma ya jiko la bibi nikafanya mazoezi. Rrrr. Rrrr. Kama pikipiki inayokataa kuwaka. Wiki ya tatu ikawaka. Siku niliyosimama darasani nikasema "alfajiri na mapema" bila kuteleza, Mwalimu Ngeli aliniinulia mikono juu kama mchungaji aliyeona muujiza. Kisha akatufundisha ngeli ya mahali. Mahali pangu, mahali petu, mahali pazuri. Wenzangu walisema "mahali yangu" wakala fimbo. Mimi nikapewa daftari jipya.

Tangu siku hiyo sikuishi na watu, niliishi na makosa yao. Nilimsahihisha mama akisali. Nilimsahihisha konda, mhunzi na mgonjwa. Nikiitwa Lesi siitiki. Bibi alinivumilia kama watu wanavyomvumilia kuku aliyejifunza kuingia ndani, wanamfukuza kwa ufagio bila hasira, anarudi tena.

Ikafika komunyo ya kwanza ya mdogo wangu. Turubai lilifungwa kwenye mti wa parachichi na upepo ukawa unalipiga kama mtu anayekung'uta shuka. Nakumbuka harufu ya wali wa mafuta, dagaa wa Tanganyika, na nguo nyeupe za watoto zilizonukia sabuni ya mche. Mwalimu Ngeli alialikwa akapewa kiti chenye mito. Wanakwaya walikuja, wakaimba zile nne. Halafu bibi yangu, ambaye hakuwahi kuuliza watu wanapenda nini, akasema, "Gaudensia, lete chungu."

Watu wakaanza kukanyagana miguu na kukonyezana. Mjomba wangu Kasto, mdogo wake mama, alitoa simu yake mpya ya Mchina, ile yenye spika inayosikika mpaka parokiani, akaiweka kwenye meza irekodi. Alitaka kwenda kuwachekesha marafiki zake. Hatukuficha nia zetu siku ile.

Mama Chungu akapiga magoti. Akamwaga maji kwenye ubao, akakishika kigoda. Kruuu-mmm. Kruuu-mmm. Akaimba wimbo ambao sikuwahi kuusikia:

*Mahali yangu hamkuiomba,*
*nilitoka kwetu mikono mitupu.*
*Mahali yangu hamkuiomba,*
*hata kuku hakulia kuniaga.*

Nikiwa mkweli, kitu kilitokea pale uwanjani. Waliokuwa wakigombea nyama waliacha. Kiongozi wa kwaya alifumbua macho. Bibi aliweka mkono mdomoni. Chungu kilikuwa kinalia kwa chini na ile sauti yenye mchanga ikawa inapita juu yake taratibu, kama mtu anayepita na mzigo kwenye daraja la mti mmoja, na kila mtu alikuwa anashikilia pumzi asije akamwangusha.

Mimi nilichosikia ni kosa la ngeli.

Nilisimama juu ya benchi. Nilikuwa na gauni la njano na utepe kichwani, na nikapaza sauti iliyokwenda mpaka kwa majirani: "Siyo mahali yangu! Ni mahali PANGU!"

Halafu uwanja mzima ukapasuka. Watu walicheka kwa raha ya watu waliokuwa karibu kulia wakaokolewa. Mtu alimwaga togwa. Mwalimu Ngeli alisimama kwenye mito yake, jasho linamtoka kwa furaha, akanyoosha kidole. "Mnamwona? Mnamwona? Huyo ni mwanafunzi wangu! Lestituta, njoo hapa!"

Ndiyo. Lestituta. Alisema hivyo mwenyewe, mbele ya watu, na hakuna mwenye fimbo aliyetokea.

Alinipa soda ya chungwa, chupa nzima, peke yangu. Nikakimbia nayo nyuma ya jiko kabla binamu zangu hawajaiona, nikainywa huku povu linanipanda puani. Kilichoendelea uwanjani sikukisikia. Nilikuwa bize na ushindi wangu.

Siku chache baadaye nilikuwa naanua ulezi kwenye mkeka, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi hapa. Mwalimu yupo?"

Alikuwa Mama Chungu, kajifunga kanga mbili kwa sababu ya baridi, kashika kikapu kidogo.

"Shikamoo. Mwalimu hakai hapa," nikasema. "Anakaa kule kwenye nyumba za shule."

"Marahaba, mwanangu. Simtaki huyo. Namtafuta mwalimu Lesi."

Mngenikuta siku ile mngenipiga. Nilivimba kichwa mpaka utepe ukabana. Akakaa kwenye mkeka wetu, akaweka kikapu kati yetu, kina unga wa ulezi na karanga kidogo, akaniambia kwamba ana nyimbo nyingi, na hataki tena kuchekwa, nimwambie wapi pamekosewa. Mwanamke mwenye umri wa kumzaa mama yangu, anasema hivyo huku anang'oa nyuzi za mkeka.

"Imba," nikamwambia. Nilisema "imba", kama mkaguzi.

Akaanza na mbuzi. *Mbuzi amekula kanga, maandishi imebaki.*

"Yamebaki," nikasema.

"Maandishi yamebaki." Akapiga kwenye goti lake kwa kiganja, akajaribu tena. Akasimama katikati. "Inakataa. Mguu wa wimbo unateleza."

"Basi uache huo wimbo. Kama hauwezi kusemwa vizuri si wimbo."

Hayo ni maneno yangu, mimi mtoto wa darasa la sita niliyekuwa bado nakojoa kitandani mvua ikinyesha sana. Aliitikia kwa kichwa. Akauacha. Juma lililofuata alileta wa upepo. Kisha wa pikipiki ya padre. Kila wimbo uliingia kwetu una miguu minne ukatoka unachechemea. Nilikula karanga zake zote. Nilipomaliza darasa la saba, kile kigoda kilikuwa mlangoni kwake, wima, watu wanakikalia. Chungu alikuwa anapikia pombe. Nikipita alikuwa ananisalimia kabla sijamwamkia, na mimi niliona ni haki yangu.

Wimbo mmoja tu aliendelea kuuimba mara mojamoja, kwenye harusi za watu wasio na uwezo wa kukodi muziki. Ule wa mahali, kwa namna yangu mimi, mahali pangu. Hapo ndipo akausikia jamaa mmoja, mwanamuziki wa hapa mjini.

Jina lake la kisanii sitalitaja. Amelitaja mwenyewe mara kumi na moja ndani ya wimbo wa dakika nne, linamtosha. Aliuchukua wimbo wa Mama Chungu kama mtu anavyookota yai kwenye kiota cha kuku asiyefugwa, akaenda nao studio, akautilia ngoma za kompyuta na sauti iliyonyooshwa kwa mashine mpaka ikafanana na mbu aliyesomeshwa. *Mahali pangu ni kifuani kwako, beibi.* Kwenye video amevaa miwani ya jua chini ya mawingu mazito ya Sumbawanga, kifua wazi, mwezi wa saba, na ukitazama kwa makini unaona vipele vya baridi vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa. Anapunga mikono kuelekea gari ambalo kila mtu Mazwi anajua ni la fundi wa magari, lilikuja kubadilishwa breki.

Lakini wimbo ulipendwa. Sitawadanganya. Ulipendwa kwa sababu ya kile kipande alichokinakili bila kukigusa, pale kwenye kiitikio ambapo maneno yanaisha na sauti inaguna tu, *mmh-mmh-mmh, mmh-mmh*. Bodaboda wanaguna. Mabibi harusi wanaguna wakikata keki. Watoto wa chekechea wanaguna kwenye foleni ya uji. Mji mzima unaguna mguno wa Mama Chungu bila kumjua. Alipofariki, kwenye mazishi yake kule Izia, simu ya mtu iliita, na mlio wake ukawa ndio huo. Mwenye simu aliizima haraka, amejaa aibu, akasema, "Marehemu anisamehe." Udongo ulikuwa unaendelea kumwagwa.

Msije mkadhani wakati huo nilikuwa nimepata akili. Nilikuwa na kibanda tayari. Naingiza nyimbo kwenye memori na flashi za watu, nina kompyuta moja, spika mbili na ndoto ya studio. Ndoto hiyo bado ninayo. Nimeshabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, ukuta mmoja umekamilika, nimebakiza mitatu, na majirani wanafikiri nafuga kuku. Basi kila mteja aliyetaka ule wimbo nilimwambia, "Unajua hilo neno 'pangu' nimelisahihisha mimi? Nilikuwa darasa la sita." Nilijivuna nalo. Nilikuwa namdharau mwizi wa wimbo, na papo hapo nadai sehemu yangu ya wizi.

Siku moja bibi alikuja mjini kununua dawa ya kuhifadhia mahindi, akapumzika kibandani kwangu. Bodaboda akapita, wimbo unaunguruma. Nikamwambia bibi ile habari yangu ya kujivunia. Alikuwa anakunja risiti. Akaacha kukunja.

"Neno gani ulisahihisha?"

"Alikuwa anasema 'mahali yangu', bibi. Nikamwambia ni 'mahali pangu'."

"Kwa nini?"

"Si ndiyo Kiswahili? Mahali, pa, pangu."

"Lesi. Siyo mahali ya kukaa. Mahali ya mke."

"Mahali pa mke?"

"Wewe mtoto! Mahali! Ile wanayotoa mwanamume akioa! Ng'ombe, majembe, blanketi ya mama!"

"Mahari?"

"Si ndiyo hiyo mahali nakwambia!"

Muuza chipsi wa upande wa pili aligeuka kututazama. Mimi nilikaa chini.

Bibi akanieleza hapohapo, kwa sauti ya chini, huku anakunjua ile risiti. Gaudensia alifiwa na baba mapema. Kaka yake hakutaka kulisha mdomo usio wake, na alipotokea mwanamume wa kijiji kingine akamwambia mchukue tu. Hakuna mshenga aliyetumwa, hakuna aliyekaa kikao, hakuna kilichoombwa. Alitoka nyumbani na kitambaa cha kichwa. Huko alikokwenda, mawifi walikuwa wakimwambia akikosea chumvi, "Tulia wewe, ulikuja bure." Hakupata mtoto, akarudishwa kwa njia ileile, mikono mitupu. Chungu na kigoda vilikuwa vya mama yake, ndivyo pekee alivyovikuta.

*Mahari yangu hamkuiomba.* Nilikuwa nimesikia "yangu" nikairukia kama paka. "Hamkuiomba" nilikuwa nimeisikia vilevile, na ile *i* ndani yake ilikuwa inaniambia neno zima. Mahali haiwezi kuwa "hamkuiomba". Mwanafunzi mzuri wa ngeli angejua. Kumbe hata ujinga wangu wenyewe sikuusomea vizuri.

Nikamuuliza bibi kwa nini Mama Chungu hakunirekebisha. Kwa nini hakusimama akasema, "Nimesema mahari"?

"Angesemaje?" bibi akasema. "Angesema 'mahali', na wewe ungesema 'ndiyo, mahali'." Akaniwekea mkono begani, akajiinua. "Na hata angekuwa na hiyo lelo yenu. Kuna kitu mtu anaweza kukiimba, akiambiwa akiseme, hawezi."

Lelo ndiyo R, kwa mdomo wa bibi. Sikumsahihisha.

Nilikaa na hilo neno kifuani kwa miezi. Nilijiambia wimbo wa kweli umeshakwenda naye kaburini, umebaki huu wa mwenye vipele. Mpaka wiki iliyopita, Mjomba Kasto alipokuja, sasa ana kipara na kitambi cha heshima, akanirushia memori kadi ya zamani, rangi imechubuka.

"Mjomba, nisafishie hii. Futa takataka zote, niwekee singeli."

"Futa zote?"

"Zote. Kuna nini humo? Makelele ya enzi zile."

Kabla ya kufuta huwa natazama, maana watu wana tabia ya kurudi wakililia picha za marehemu. Kulikuwa na faili moja lililoandikwa *komunyo*.

Sikulifungua mbele yake. Nilimpa memori nyingine yenye singeli, yake nikabaki nayo, akaondoka anatikisa mabega. Kesho yake nilifika kibandani kabla mhudumu wa baa hajaanza kuvuta meza. Nikafunga mlango wa bati kwa ndani, nikavaa visikilizio.

Upepo kwenye turubai. Vijiko. Mtu anacheka karibu kabisa na simu. Kisha kruuu-mmm, kruuu-mmm, na ile sauti yenye mchanga, Mama Chungu mzima kabisa, kama yuko nyuma ya trei zangu za mayai. *Mahali yangu hamkuiomba.* Halafu mtoto mmoja, sauti nyembamba ya kuchoma, sauti ya mtu anayestahili kunyang'anywa utepe: "Siyo mahali yangu! Ni mahali PANGU!" Kicheko. Kicheko kirefu, nikahesabu na kuacha kuhesabu. Mwalimu Ngeli: "Lestituta, njoo hapa!" Miguu yangu midogo inakimbia.

Na hapo ndipo ikaanza sehemu niliyoikosa kwa sababu ya soda.

Kicheko kilipopungua, chungu kiliguna mara mbili, tupu, bila maneno. Kisha akasema, siyo kwa kuimba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye umesoma."

Akaanza upya. *Mahali pangu ham... ham...* Akasimama. Ile "hamkuiomba" haikukaa tena. Neno lake lilikuwa limeondolewa na maneno mengine yakakosa pa kushika. Akajaribu mara nyingine, *mahali pangu...* na pale neno lilipokuwa, akaguna. *Mmh-mmh-mmh, mmh-mmh.* Akaendelea hivyo mpaka mwisho, anaguna kila penye tundu, na watu wakampigia makofi kwa sababu mguno ulikuwa mtamu.

Mguno ule ule. Wa bodaboda. Wa keki. Wa watoto wenye vikombe vya uji. Mji mzima unaimba tundu nililolitoboa mimi.

Nilivua visikilizio nikavivaa tena. Kwenye kompyuta nina programu ya kukata sauti. Unaona wimbo kama mstari wenye milima na mabonde, unaweka mkasi unapotaka. Sauti yangu ilikuwa mlima mwembamba, mrefu kuliko yote, na baada yake safu nzima ya vicheko. Ningeikata, wimbo ungebaki safi, na hakuna mtu hapa duniani angejua. Mkasi ulikuwa tayari juu yake.

Nikauondoa. Nikaacha kila kitu kilivyo, upepo, vijiko, mimi na soda yangu.

Kisha nikawaza pa kuliweka. Nina folda ya nyongeza ninayompa kila mteja, nyimbo za kumshukuru kwa kuja. Nimeiita *Bure*. Faili lilikuwa linaning'inia kwenye kipanya changu, limeshafika juu yake, nikalirudisha haraka kama nimegusa sufuria ya moto. Hapo hapana. Hapo Gaudensia alishawahi kuwekwa na mawifi.

Nje, meza ya kwanza ikavutwa. Nikatengeneza folda mpya, nikaipa namba *001* ili redio na spika zote ziianze hiyo kabla ya nyingine, na baada ya namba nikaandika *Gaudensia*. Nikalifuta lile jina la *komunyo*. Nikaandika M, A, H, A. Kidole kikasimama kidogo. Nikanong'ona kwanza, peke yangu mle ndani, kama zamani nyuma ya jiko la bibi. Rrrr.

Nikaibonyeza.